Trela Yenye Mateke

Jumatatu, 3 Machi 2025

Vyoo sitini vilitoka Bumala vizima. Kumi na kimoja vilifika Malaba vimepasuka. Mgongo wangu ni wa kumi na mbili.

Niandike kwa utaratibu. Mzigo ni vyoo vya kukalia, vyeupe, vya hoteli inayojengwa upande wa Uganda. Vinachukuliwa stoo ya Bumala, vinapitia Busia, vinashushwa stoo ya mteja pale Malaba, mita mia tatu kabla ya geti la mpaka. Kwa hiyo hatuvuki, lakini foleni tunapanga kama wanaovuka. Anayepokea mzigo ni dada mmoja anaitwa Vivianne. Ana rundo la funguo. Kila choo anakigonga mara moja. Kizima kinalia ngiii, kama kengele ya shule. Kilichopasuka kinasema kwak. Leo nimesikia kwak kumi na moja. Baada ya ile ya sita niliomba ruhusa nikakae nje.

Sababu ni trela. Inapiga mateke. Nikianza kuondoka, inanivuta nyuma kama mtoto aliyeshika sketi ya mamake. Nikishika breki, inanisukuma mbele kama mtu mwenye haraka ya msalani. Kutoka Bumala hadi Malaba nimetikisa kichwa kama mtu anayekubali kila kitu.

Mwenzangu Echodu alibeba sitini vilevile, barabara ileile. Alifikisha sitini. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya lori lake akimenya njugu za kuchemsha. Akanisalimu kwa Kiteso, "Yoga, ndugu yangu," kisha akauliza kama njia ilikuwa nzuri. Swali gani hilo!

Jioni Mama Petronilla, mwenye malori, alipiga simu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema mzigo wa mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo, na dereva atakayekuwa bado anavunja vyoo siku hiyo amrudishie ufunguo wa lori. Hakutaja jina. Tuko madereva wawili. Mmoja hajavunja hata kimoja.

Nina miaka kumi na minne kwenye usukani huu. Kwetu Busibwabo hakuna anayekumbuka jina langu la ubatizo, Chrispine. Wananiita Trela. Kwenye matanga mimi huwekewa kiti chenye mgongo. Mtu anayeitwa Trela akinyang'anywa trela, anaitwaje? Nimefikiria sana swali hilo. Nimechoka. Nalala.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwita fundi Ikapel aje yadini Busia, tunakolaza malori. Maneno yake machache, bei yake ndefu.

Nilimweleza kwamba tatizo liko kwenye sahani. Sahani ni lile bamba la chuma mgongoni mwa kichwa cha lori; trela hukaa juu yake, na taya lililo katikati hushika pini ya trela. Taya likilegea, pini inacheza. Pini ikicheza, dereva anapigwa teke. Hili nimelisoma, nimeliandika, na nimelipigia mstari.

Ikapel aliingia chini. Akakubali: taya lilikuwa limelegea kidogo na sahani ilikuwa imekauka. Nilifurahi mno. Akakaza. Akapaka grisi. Akaniambia nifunge breki za trela peke yake, nijaribu kusukuma kichwa mbele na nyuma. Hakuna kilichocheza. Akakagua mipira ya upepo wa breki, akapima matairi yote, akatoka akajipangusa. Alisema upande wa chuma amemaliza. Nikamuuliza kama kuna kilichobaki.

Alitazama mguu wangu wa kulia kwa muda mrefu. "Kimebaki kimoja, boss. Kiko ndani ya hicho kiatu."

Nilivua kiatu mbele yake, nikakikung'uta. Hakikuwa na kitu. Mchanga kidogo tu.

Ikapel alifunga kisanduku chake, akaenda zake bila kuaga. Baadaye niligundua kilichotokea: alibania grisi. Mafundi wote hubania. Nimeongeza makopo mawili kwa mkono wangu mwenyewe. Kesho trela itateleza kama ulimi.

Jumatano, 5 Machi

Tisa.

Vimepungua viwili, nakubali. Lakini grisi! Ilipopata joto ilianza kuporomoka kuanzia Korinda. Ilirukia magurudumu, magurudumu yakairushia dunia. Kijana wa bodaboda aliyenifuata alinipita pale Alupe akiwa na madoa usoni kama chui, akasema maneno ambayo shajara hii haitayapokea.

Vivianne alipomaliza kugonga aliuliza kwa upole kama vyoo hivi navibeba au navifukuza.

Niliporudi yadini, Mama Petronilla alikuwa anakuja kuniona. Alikanyaga tone moja karibu na lori langu. Hakuanguka. Aliteleza hatua tatu akiwa wima, mkoba mkononi, akasimama mbele yangu hasa. Alinitazama. Akarudi ofisini akipitia upande wa Echodu, ambako ni pakavu.

Nimeosha sahani kwa mafuta ya taa kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Mgongo unauma mahali papya.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo la leo lilikuwa zuri. Narudia: wazo lilikuwa zuri. Kama trela haitaki kutulia, vyoo vilazwe kwenye kitu laini. Saa kumi na moja alfajiri nilichukua godoro letu la kitanda, yale mawili ya wageni, na mito ya viti vya sebuleni. Roselida, mke wangu, alikuwa bado amelala juu ya hilo la kwanza. Nilimweleza hali ya kazi. Alisema godoro lake haliendi Malaba bila yeye.

Kwa hiyo alikuja. Alikaa kiti cha abiria na kikombe cha chai. Pale mlangoni mwa stoo ya Bumala chai ilikuwa kikombeni. Kwenye tuta la kwanza ilikuwa kwenye leso. Tulipofika Adungosi kikombe chenyewe hatukukiona tena.

Halafu foleni. Ilianzia mbali, kilomita nne kabla ya geti. Roselida alishika dashibodi kwa mikono miwili. Baada ya nusu saa aliuliza ni nani anayenifukuza. Alisema lori la mbele likisogea hatua moja mimi naruka kama mbuzi aliyeona chumvi, halafu nasimama kama aliyegonga ukuta. "Baba Mourine, utaniua! Si uende tu kama watu?"

Ilibidi nimfundishe sheria ya Malaba, ambayo hata watoto wa shule wanaijua. Foleni haiachiwi nafasi. Ukiacha nafasi ya baiskeli, ataingia wa bodaboda. Ukiacha ya bodaboda, litaingia lori la sukari, na nyuma yake ndugu zake wote. Bampa yako inatakiwa kunusa mkia wa mwenzako. Nimekaa miaka kumi na minne na hakuna aliyewahi kuingia mbele yangu. Hakuna! Kuna madereva wa Kampala wanaonijua kwa hilo.

Akauliza: na pale Bumala, ambapo barabara ilikuwa tupu, nilikuwa nanusa mkia wa nani?

Sikupenda sauti yake. Nilimwambia mazoea ni mazoea.

Vilivyopasuka: vinane. Magodoro yalifanya vyoo virukeruke; vikipanda pamoja vinashuka kila kimoja na shauri lake. Godoro letu limetoboka mahali panapolala kiuno changu. Roselida alilifunga kamba, akaita gari la kurudi nyumbani, akapanda na godoro. Hakutaka nimrudishe. Alisema shingo yake ina kazi nyingine Jumapili kanisani.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Echodu peke yake. Mimi nilipumzika, yaani nilipanda bodaboda hadi Malaba nikakaa kwa mama mmoja muuza chai kando ya foleni, daftari gotini, kofia usoni. Upelelezi. Nimeufanya kisayansi.

Saa nne na dakika kumi Echodu anaingia foleni. Anaacha nafasi mbele yake. Sisemi nafasi ya bodaboda. Nafasi ya lori zima na mkokoteni! Lori la mbele linasogea, yeye hatingishiki. Linasogea tena, anaanza kutambaa, polepole, kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Hasimami kabisa, haendi kabisa. Anatambaa tu, huku wengine wanaruka na kukaa, wanaruka na kukaa.

Na wanamwingilia! Nilihesabu. Lori la saruji. Malori mawili ya mafuta. Basi. Jumla kumi na manne. Wa tisa alimpungia mkono, na Echodu akampungia pia. Nilisimama kwa uchungu hadi nikamwaga chai. Mama wa chai aliuliza kama yule ni ndugu yangu aliyefiwa.

Alifika stoo dakika ishirini na tano baada ya lori jekundu lililoingia foleni pamoja naye. Dakika ishirini na tano! Vilivyopasuka: sufuri. Nilisikia ngiii sitini kutoka ng'ambo ya barabara.

Uchambuzi. Mtu mzembe namna hiyo, asiye na ari, asiyeweza kulinda hata mita moja ya ardhi yake, anafikisha mzigo mzima. Haiwezekani iwe ni yeye. Kwa hiyo ni trela yake. Mama Petronilla alizinunua mbili siku moja, zinafanana kama mapacha. Lakini hata mapacha mmoja huwa na adabu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa kutwa nikipanga. Mzigo wa Jumatatu utakuwa wetu sote wawili. Trela zitapakiwa Jumatatu asubuhi. Zikiwa tupu, hakuna wa kuzitofautisha ila namba za nyuma, na namba za nyuma nani huzisoma?

Dhamiri ilinisumbua kidogo mchana. Nilijiuliza: je, Echodu akivunja vyoo kwa sababu ya trela yangu, si ndiye atakayerudisha ufunguo? Ana watoto watano kule Chakol. Nilifikiri hivyo kwa dakika nyingi. Halafu nikakumbuka alivyompungia mkono yule wa tisa. Mtu anayegawa nafasi yake hadharani, si atazoea kupoteza?

Nimeandika hayo nikayasoma tena. Hayapendezi. Nayaacha, kwa sababu shajara ni ya ukweli.

Jumapili, 9 Machi

Ibada ya kwanza, kisha yadi. Mlinzi alikuwa ameenda kula. Jua kali, kimya, kunguru wawili ukutani.

Kubadilisha trela ni kazi ya watu wawili. Nimeifanya peke yangu nikiwa na suruali ya kanisa. Unashusha miguu ya trela kwa kuzungusha mkono wa chuma. Nilizungusha mpaka bega likalia. Unachomoa mipira ya upepo. Unafungua taya. Unatoa kichwa taratibu. Halafu unarudi kinyumenyume chini ya trela nyingine mpaka pini iingie kwenye taya na isikike ka!

Mimi nilisikika BOO! Kunguru waliondoka. Nadhani nilirudi kwa kasi kidogo. Hofu tu kwamba mtu ataiwahi ile nafasi, ingawa yadi ilikuwa tupu.

Kichwa cha Echodu, ambacho ufunguo wake huning'inia ofisini, nilikuwa nimekitoa kwanza; sasa nikakiingiza chini ya trela yangu. Ndani ya lori lake kuna harufu ya njugu na picha ndogo ya binti yake akiwa na sare ya shule. Niliigeuza itazame dirishani. Nilipomaliza niliirudisha.

Mlinzi aliporudi alinikuta nimelala chali kwenye nyasi. Alisema, "Shikamoo mzee, ibada ilikuwa nzito?" Nilisema sana.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na trela. Trela ya Echodu, ile yenye adabu, ile ya sufuri, ilinipiga mateke kutoka mlangoni mwa stoo hadi Malaba. Nilidhani inanifahamu. Kwenye kona ya Alupe nilisikia vyoo vikigongana nyuma kama vyombo vya harusi vikioshwa na mtu mwenye hasira. Vilivyopasuka: saba.

Echodu, na trela yangu ya mateke: sufuri. Alisema hata hakuona tofauti. Njugu mkononi.

Nilipata maelezo papo hapo. Trela ni kama punda: ikitenganishwa na mtu iliyemzoea inakuwa na chuki kwa siku chache, lakini ile mbovu ikipata bwana mlegevu inalala. Nilikuwa naandika haya nyuma ya hati ya mzigo wakati Vivianne alipozunguka nyuma kuandika namba. Ndiye! Ndiye asomaye namba za nyuma. Alikwenda nyuma ya lori la Echodu, akarudi kwangu, akaenda tena. Akauliza mbona trela zimebadilishana malori. Echodu akatazama. Mimi nikatazama pia, kwa mshangao mkubwa. Nilitia bidii kwenye ule mshangao. Haukutosha.

Echodu aliinama akatazama mipira ya upepo. Kisha akauliza, polepole, kama nilikuwa nimefunga vizuri mipira yake ya upepo, kwa sababu mtu akikosea pale trela huweza kukosa breki mteremkoni. Nilisema nilifunga. Akasema asante. Akapanda lori lake.

Angenitukana. Ningelala vizuri zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Ofisini kwa Mama Petronilla. Alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Alisema, Chrispine, umenifanyia kazi moja kubwa. Nikainua kichwa. Akasema alikuwa karibu kuuza ile trela na kununua nyingine, maana nilimwambia ni mbovu. Sasa nimemthibitishia mwenyewe kwamba trela ni nzima. Zote mbili.

Nilianza kueleza habari ya punda. Aliinua kidole.

Alisema hataki kunivunjia heshima, kwamba alimfahamu marehemu baba yangu, na kwamba nilimsimamia lori hili mwaka ule wa shida bila kulalamika. Kwa hiyo ananipa nafasi moja. Kesho niende na Echodu kama abiria, nitazame mguu wake, nisiseme. Keshokutwa nibebe mzigo wa mwisho. Vikipasuka viwili, atafumba macho. Vikipasuka vitatu, ufunguo mezani.

Nilimuuliza Echodu kama atakubali. Alikuwa mlangoni muda wote. Akasema, "Njoo tu, ndugu. Kiti kiko."

Jumatano, 12 Machi

Nimemtazama Echodu. Niandike yote kabla sijasahau.

Kuanza: haruki. Anaachilia klachi polepole mpaka unasikia trela imeshikwa, kama mtu anayekamata mkono wa bibi kabla ya kumwinua. Ndipo anaongeza mafuta. Kusimama: anaona mbali, anaondoa mguu kwenye mafuta mapema, anagusa breki kidogo, kidogo tena, na kabla lori halijasimama kabisa anailegeza kama anayeomba radhi. Matuta: anayapanda kichwa kwanza, anasubiri trela nayo ipande. Anaisubiri! Nilimuuliza anasubiri nini. Alisema, "Yeye ni mrefu, anachelewa. Ukimkimbia atakukamata."

Kisha akaniambia kuhusu mkewe anayelima simsim, na mvua inayochelewa, na binti anayetaka kuwa muuguzi. Njia ilikuwa nyororo. Kiti kilikuwa kinanibembeleza. Kwa mara ya kwanza tangu Januari mgongo ulinyamaza.

Hapo maandishi yangu yanakatika.

Niliamka Vivianne akigonga. Ngiii. Ngiii. Nilikuwa nimelala kutoka Adungosi, foleni yote, kilomita tatu, mdomo wazi. Echodu alikuwa amenifunika koti lake. Nilimuuliza foleni ilikuwaje. Alisema ilikuwa foleni.

Mama Petronilla alipiga simu kuuliza kama nimejifunza. Nilisema mengi mno. Nikamwambia pia kwamba kiti cha lori la Echodu ni laini kuliko changu, na huenda hilo likaangaliwa. Alikata simu.

Alhamisi, 13 Machi

Mzigo wa mwisho.

Nilitoka Bumala saa mbili. Klachi polepole. Trela ikashikwa. Mafuta. Hakuna teke! Niliimba. Tuta la kwanza: kichwa kikapanda, nikasubiri, trela ikapanda. Korinda, shwari. Alupe, shwari. Pale kwenye barabara ya kuingia Chakol ng'ombe alivuka, nikasimama kwa breki ndogo ndogo tatu, na ng'ombe mwenyewe akanitazama kwa heshima. Nilijiambia: Trela, wewe ni Trela. Macho yalilowa. Uchovu huo.

Saa nne na nusu, foleni. Niliacha nafasi. Nafasi ya lori zima, kama alivyofanya yeye. Nilikuwa kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba wazi akaenda sokoni.

Lori la saruji likaingia. Sawa. Nikaacha nafasi nyingine. Likaingia la mafuta. Sawa. Mama wa chai, yule wa Ijumaa, alinitambua, akanipungia. Likaingia la tatu. Sawa, sawa. Nilitambaa. Vyoo vilikuwa kimya nyuma, sitini, kama waumini. Tulibakiza mita mia sita. Mia tano. Nne.

Hapo likaja lori la viazi. Dereva wake kijana, miwani ya jua, kiwiko dirishani. Aliingiza pua mbele yangu, akatoa kichwa, akacheka, akasema kwa sauti ya barabara nzima: "Asante mzee! Mungu akuzidishie!"

Mzee! Miaka kumi na minne!

Sikumbuki vizuri. Najua mguu ulishuka. Najua lori la viazi halikuingia, maana lilirudi kinyumenyume likipiga honi. Najua bampa yangu ilisimama kidole kimoja kutoka mkia wa lori la tatu, mahali pake, mahali pa haki. Na najua trela ilifika sekunde moja baadaye, na vyoo vyote sitini vikafika pamoja nayo.

Vivianne aligonga taratibu leo. Ngiii, ngiii. Cha ishirini na saba, kwak. Cha arobaini na moja, kwak. Nikahesabu pumzi. Hamsini. Hamsini na tano. Cha hamsini na nane alikigonga, akasita, akakigonga tena upande mwingine, akakigonga mara ya tatu chini kabisa, kama daktari asiyetaka kutoa habari. Kisha akanitazama, akasema, "Pole, boss."

Vitatu.

Echodu alikuwa amekuja kwa bodaboda, sijui kwa nini. Nadhani alitaka kuona. Alinishika bega. Aliuliza nini kilitokea, maana alisikia kwa watu kwamba nimekuja vizuri mpaka mita mia nne. Nilimwambia juu ya lori la viazi. Akauliza, "Na lingeingia, ungepoteza nini?"

Nilimtazama mtu huyu. Nilijaribu kwa dhati kutafuta jibu. Sikulipata, lakini hiyo haimaanishi halipo.

Jioni nimeweka ufunguo mezani kwa Mama Petronilla. Haukufanya kelele yoyote. Nilidhani utafanya.

Ijumaa, 14 Machi

Mama hakunifukuza. Alisema mtu wa miaka kumi na minne hatupwi kama ganda. Amenipa trekta ya yadi, inayovuta tangi la maji kutoka kisimani hadi mahali pa kuoshea malori. Mita mia mbili. Lori langu amepewa dereva mpya kutoka Matayos, kijana mtulivu. Tayari Echodu anampa njugu.

Safari ya kwanza nilipoteza nusu ya maji. Ya pili, zaidi ya nusu. Tangi lina mateke. Nimekagua kiungo chake na nimeandika kurasa mbili; nina hakika tatizo liko kwenye chuma.

Saa tano hivi nilikuwa natoka kisimani. Njia ilikuwa tupu kabisa. Pale kwenye geti la yadi akatokea babu mmoja na mkokoteni wa mchanga. Alisimama, akanitazama, akainua mkono kuniomba apite kwanza. Geti ni jembamba. Alikuwa amechoka, naona hilo. Mimi pia nimechoka. Nilikumbuka yote: klachi polepole, breki ndogo ndogo, waache wapite, utapoteza nini.

Nilikanyaga mafuta. Maji yaliyobaki yote yalinimwagikia mgongoni.

Lakini hakuingia mbele yangu.